Aliyelizwa na Wimbo wa Bata Bukini

Zamani mtu alipotakiwa kulia mbele ya kamera aliletewa fidla, siku hizi analetewa kichupa.

Ndani ya kichupa mna maji mazito ya glisirini. Binti mmoja anakuja na tone kwenye ncha ya kijiti, anampaka mwigizaji chini ya jicho, mwongozaji anasema safi sana, na baada ya miezi mitatu watu waliokaa gizani kwenye viti vya sinema wanatoa leso. Katika shughuli nzima hiyo, wanaolia kwa haki ni wale walionunua tiketi.

Mimi nilikuwa mpiga fidla wa studio. Vijana wakiambiwa picha za wakati ule zilikuwa bubu, wanadhani tulizitengeneza kimya kimya kama watu wanaoiba. Zilikuwa makelele matupu. Maseremala wanagongelea seti ya jirani, mwongozaji anapayuka kwenye bomba lake la bati la kukuzia sauti, simba wa picha ya pili ananguruma kwa njaa, na katikati ya yote hayo mimi na Opal Renfro, aliyekuwa na kinanda cha kukunja mfano wa sanduku la safari, tunapiga muziki ili mtu apate kufa vizuri au kuachwa na mchumba. Kila mwigizaji alikuwa na wimbo wake wa machozi. Tuliwajua kama mganga anavyowajua wagonjwa wake. Kuna shujaa mmoja wa farasi, mabega kama mlango wa ghala, huyo hakulia mpaka apigiwe wimbo wa kubembeleza watoto. Kuna bibi mmoja mrembo aliyelia kwa zaburi za kanisa la kwao, naye alikuwa ameliacha kanisa hilo tangu ana miaka kumi na tano.

Orville Peasley alilia kwa wimbo wa bata bukini.

Jina hilo hulijui, lakini sura yake unaijua. Ndiye hakimu aliyevua miwani kabla ya kumhukumu mwanawe. Ndiye mzee wa posta aliyeificha barua, ndiye kasisi aliyechelewa kufika, ndiye baba wa kila msichana aliyetoroka katika California nzima. Alikuwa na mashavu yaliyoning'inia na macho ya mbwa aliyekaripiwa bila kosa. Kwa miaka kumi sidhani ilipita wiki asiwe baba wa mtu fulani. Majina ya wakubwa yaliandikwa kwa taa. La kwake liliandikwa chini kabisa, baada ya jina la farasi, na yeye alisema farasi yule amelistahili.

Siku ya kwanza kumjua ilikuwa mwaka 1919. Alikuwa amefika karibuni kutoka kwenye majukwaa ya miji midogo, mchekeshaji wa miaka mingi, na mwongozaji wetu Ferris Dunleavy alimchukua kwa ajili ya mashavu yale. Alitakiwa akae kwenye kiti, apokee kofia ya mwanawe aliyekufa vitani, alie. Tangu asubuhi hakutoa hata unyevu.

“Mzee mkavu huyu,” Opal alininong'oneza. “Nimempigia nyimbo tatu za mazishi. Mtazame, anahesabu taa.”

“Pengine hajawahi kufiwa.”

“Wewe Fidla nawe! Kila mtu ana wake. Huyu amemfungia ndani na ufunguo kameza.”

Dunleavy alilitupa bomba lake chini. “Haya, tule! Labda akishiba atakumbuka msiba.”

Tukaletewa maharage, mkate na pai ya matofaa. Opal alikuwa amenuna kwa sababu nyimbo zake zimedharauliwa, basi nikashika fidla kumchekesha. Nikapiga kijiwimbo cha kipuuzi nilichokiokota ujanani, nilipokuwa nikipiga kwenye kumbi za miji ya reli: habari za bata bukini aliyekwenda sokoni kuuza manyoya yake mwenyewe, akarudi nyumbani anatetemeka. Ni wimbo wa kwata kwata, wa kupiga miguu. Opal alianza kucheka. Mara akanyamaza, akanigusa kiwiko.

Peasley alikuwa amesimama katikati ya seti na kipande cha pai mkononi. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ukosi wa shati, wala uso wake haukukunjamana. Uso ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu anayemtazama mtu mwingine akija kutoka mbali.

“Kamera!” Dunleavy aliita kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. “Mtu asimguse. Fidla, ukiacha nitakuua. Jamani, mwondoleeni hiyo pai!”

Opal ndiye aliyetambaa kwa magoti akaitoa pai kwenye vidole vyake, akaweka kofia ya askari mahali pake. Ile picha ilizunguka nchi nzima. Watu walimwandikia barua. Hakuna aliyejua kwamba baba yule mwenye huzuni alikuwa akisikiliza kwata kwata.

Jioni ile alinifuata nilipokuwa nafunga kasha langu.

“Umeutoa wapi ule?”

“Kwenye kumbi, mzee. Kila mtu aliupiga.”

“Si kila mtu. Ni wa Hester. Wengine walimwibia.”

Tukaketi juu ya ngazi ya kasri la mbao, naye akanieleza mara moja tu, bila kurembesha. Hester alikuwa mkewe. Walizunguka pamoja miaka kumi na saba, treni leo, treni kesho, yeye akianguka kwenye ndoo na Hester akiimba. Wimbo wa bata ulikuwa wa kufungia onyesho. Hester alijifunga shali ya manjano, akapigapiga mbawa kwa viwiko, na mstari wa mwisho uliposema kwaherini majirani, alitoka kwa mlango uliochorwa kwenye pazia la nyuma, na taa zikazimwa. Basi katika mji mmoja wa Nebraska, onyesho la mchana, alifika kabla ya mstari ule wa mwisho akashika ubavu, akakaa chini. Watu wakacheka. Peasley akaona njia ya kumtoa pale bila aibu ni kumbeba begani kama gunia, akipepesuka kwa mzaha. Watu wakacheka zaidi, wakapiga makofi. Kilikuwa kidole tumbo kilichopasuka. Alikufa kwenye chumba cha kuvalia, kabla daktari hajamaliza kupanda ngazi.

“Na onyesho la pili nilifanya,” alisema. “Tiketi zilishauzwa. Nilianguka kwenye ndoo. Sikulia pale, sikulia kaburini, sikulia tena mpaka leo kwenye hayo maharage yenu.”

Nikamwambia pole.

“Una jambo moja la kunifanyia,” akasema. “Leo uliishia wapi?”

“Dunleavy aliposema basi, nilikuwa sijafika mwisho.”

“Ishia hapo hapo daima. Mstari ule wa mwisho usiupige. Umenisikia?”

Sikuhitaji kuuliza sababu. Watu wa jukwaa walikuwa na mwiko ambao sasa umekufa pamoja nao: kwenye mazoezi hakuna anayetamka mstari wa mwisho wa mchezo. Unafika hapo, unasema ta-ta-ta, unanyamaza. Mstari wa mwisho ukitamkwa, mchezo umekwisha, na kilichokwisha hakirudi jukwaani. Nimemwona mwanamke mzima akimpiga kofi mwenzake kwa kuuropoka.

“Hester hakuutamka,” Peasley alisema. “Kwa hiyo hajatoka bado. Leo ulipopiga alikuja akasimama nyuma yako.”

Niligeuka. Palikuwa na pazia lenye milima iliyochorwa.

“Usigeuke ukiwa unapiga,” akaniasa. “Mwanamke yule hapendi wapiga muziki wanaomkodolea macho.”

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miaka kumi. Peasley alipotakiwa kulia, niliitwa mimi, hata kama nilikuwa kwenye picha nyingine. Nilipiga bata akienda sokoni, bata akiuza bawa la kulia, bata akiuza la kushoto, nikaishia pale pale, nikarudi mwanzo. Waigizaji wapya walikuwa wakiangua kicheko. Msichana mmoja, aliyekuwa akicheza binti yake anayekufa, ilibidi afunikwe shuka usoni maana mabega yalikuwa yakimtikisika. Peasley hakuwaona. Alitazama juu ya bega langu la kushoto, mahali palepale, na machozi yalimshuka.

Na mimi sikugeuka. Utasema ni uzee unaonisemesha, lakini shingo yangu ilikuwa ikipata baridi upande ule. Mara kadhaa nilisikia harufu ya kafuri. Nilimuuliza Peasley, kama utani, mkewe alitumia marashi gani.

“Marashi gani! Alikuwa akijipaka mafuta ya kafuri kooni kabla ya kuimba. Kwa nini?”

“Nimeuliza tu.”

Opal naye, hajaambiwa lolote, siku moja aliacha kupiga kinanda akajikunyata. “Nani kaacha mlango wazi? Kuna upepo wa kaburini hapa.” Milango yote ilikuwa imefungwa na nje jua la Agosti lilikuwa likipasua lami.

Mara moja Peasley aliniomba nikampigie nyumbani kwake, chumba cha kupanga chenye jiko la gesi na picha za treni ukutani. Nilipiga mara nne. Alikaa kwenye kiti akitazama bega langu, kisha akasema basi, asante, tunywe kahawa. Hester hakuja. “Mtu wa jukwaa huyo,” akaeleza, kama anayemtetea mkewe kwa kutofika karamuni. “Mahali pasipo na taa na watu wanaosubiri, haji.” Ndipo nikajua kwa nini hakuwahi kukataa kazi, hata zile za kipumbavu, hata akiwa na homa. Nje ya seti hakuwa na mahali pa kumwona mkewe.

Halafu zikaja picha za kusema. Wengine wanaziita maendeleo. Nami nasema waliingia watu waliovaa kola ngumu, waliotoka kwenye kampuni za simu, wakaning'iniza kinasa sauti kwenye waya, na kuanzia siku hiyo hata mtu kukohoa ilikuwa hatia. Kuta zilifunikwa magodoro. Juu ya mlango iliwekwa taa nyekundu, na ikiwaka hakuna anayeingia wala kutoka, hata mwenye studio. Kamera ilifungiwa ndani ya kibanda kama mfungwa, kwa sababu ya mlio wake. Wapiga muziki tuliitwa siku moja tukaambiwa asanteni. Opal alikwenda kupiga kinanda kwenye nyumba ya maziko kule Pasadena.

“Wateja wa huku hawanuni,” aliniambia. “Na hawacheki bata.”

Peasley alikuja kwangu akiwa amevua kofia, kama mtu aliyekuja kuposa. Dunleavy alikuwa amempa nafasi katika picha ya kusema, ya baba anayesoma barua ya bintiye kwa sauti na kulia mwishoni. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya jukwaani. Hilo halikumsumbua.

“Nitamwona vipi?” aliuliza. “Fidla haziruhusiwi. Kama simwoni, silii. Kama silii, hawanichukui tena. Kama hawanichukui, nimempoteza moja kwa moja. Umenielewa, ndugu yangu? Si kazi ninayoililia.”

Tulikwenda pamoja kwa Dunleavy. Alikuwa amezeeka mwaka ule mmoja. Mabwana wa sauti walikuwa wakimwamuru kwenye seti yake mwenyewe.

“Fidla kwenye jengo la sauti! Mnataka nifukuzwe?”

“Haitatoa sauti,” nikasema.

“Fidla isiyotoa sauti ni kuni, bwana wewe.”

Nikamweleza. Nitaosha kwenye singa za upinde ulimbo wote unaozifanya zishike nyuzi, nizipake sabuni. Upinde wenye sabuni unateleza juu ya nyuzi kama mkono juu ya kioo. Peasley ataziona tu nyendo za vidole, na vidole vyangu alivijua kuliko mimi mwenyewe. Dunleavy alitutazama, wazee wawili wenye wazimu, akasema mara moja hii tu, na fundi wa sauti asijue kinachopigwa.

Nilisimama kando ya kibanda cha kamera. Taa nyekundu ikawaka. Peasley akaanza kusoma barua, nami nikaanza kupiga bila kupiga. Ni jambo baya kulifanya. Mkono unakwenda, kidevu kinashika ubao, na sikioni hamna kitu. Lakini alipoinua macho kutoka kwenye barua, akatazama juu ya bega langu, machozi yakashuka. Baridi ikanishika shingoni. Dunleavy akafumba macho kwa kushukuru.

“Haifai,” fundi wa sauti akasema kutoka chumbani mwake. “Karatasi inalia kama moto wa kuni. Ilowesheni maji.”

Tukarudia. Safari hii kiti kililia. Safari ya tatu tumbo la mtu lilinguruma. Ilipofika mara ya tisa, Peasley alikuwa bado analia kila alipotakiwa, kama bomba jipya, na mimi mabega yalikuwa yanawaka. Nilimtazama yule fundi kijana aliyekuwa akituamuru wote. Nilifikiri kwamba kesho hawatanifungulia lango. Nilifikiri miaka kumi nimesimama kati ya mtu na mkewe, nimepata baridi ya shingo isiyo yangu, na sijaoa.

Mara ya kumi na moja, vidole vilipita pale pa kuishia. Nimejisemea mara nyingi kwamba ni kwa sababu sikuwa nikisikia. Mpiga fidla huongozwa na sikio, na sikio langu lilikuwa tupu. Nimejisemea hivyo mbele ya kioo nikinyoa. Ukweli ni kwamba niliviona vikikaribia, na ningeweza kuvizuia, na sikuvizuia. Nilitaka kujua. Nilitaka shingo yangu. Mstari wa mwisho ni noti saba tu. Vidole viliupiga wote, kwaherini majirani, na katika jengo lile hakuna aliyesikia hata chembe.

Peasley aliona. Machozi yalikoma palepale. Macho yake yaliacha bega langu, yakaanza kusogea taratibu kuelekea kulia, yakapita kibanda, yakapita nyaya, yakaenda mpaka kwenye mlango mkubwa uliofungwa chini ya taa nyekundu, yakabaki hapo. Midomo yake ilifunguka. Joto likanirudia shingoni.

“Hiyo!” fundi wa sauti akaita. “Hiyo ni safi!”

Nilimfuata nyuma ya seti. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la nyaya, barua iliyoloweshwa bado iko mkononi.

“Umemaliza,” akasema.

“Vidole tu, mzee. Sauti haikutoka.”

“Ametoka kwa mlango ule. Alikuwa ameshika shali hivi. Hakugeuka hata kunitazama.”

“Mlango ulikuwa umefungwa, Orville. Taa ilikuwa inawaka.”

Alinitazama bila hasira, na afadhali angenipiga. “Wewe ulikuwa unajua,” akasema, na kuanzia hapo hakuniita ndugu yangu tena.

Ile ndiyo picha iliyosifiwa kuliko zote alizocheza. Magazeti yaliandika habari za macho yale yanayosogea. Kwamba mwigizaji amegundua huzuni isiyohitaji machozi. Katika picha iliyofuata Dunleavy alimtaka alie, naye hakuweza. Wakaleta kichupa. Peasley akachukua leso, akajifuta kabla tone halijafika shavuni, akasema hapana, bibie, hayo si yangu. Wakamvumilia mara mbili. Ya tatu hawakumwita. Akawa hakimu asiye na neno, kisha mjumbe wa baraza anayekaa nyuma ya hakimu, kisha mtu wa umati. Nilikwenda kwake mara moja na fidla, upinde umepakwa ulimbo mpya. Alifungua mlango nusu. “Utapiga nini sasa?” aliuliza.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka 1931. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa umati, fidla nilishaiuza. Tulikuwa watu mia tatu kwenye stesheni ya treni ya mbao, tukiwapungia askari wanaoondoka. Mabehewa yalikuwa ya upande mmoja tu, yamepakwa rangi upande wa kamera, nyuma ni nguzo na misumari, na yalisukumwa na wanaume waliojificha. Peasley alikuwa safu ya mbele, amevaa kofia yake mwenyewe. Tulipunga mpaka mikono ikafa. Kisha msaidizi akatangaza chakula, na watu wote wakakimbilia kwenye meza, maana mwaka ule wengi walikuja kwa ajili ya chakula.

Yeye hakuja. Alibaki kwenye jukwaa la stesheni, amevua kofia, akatembea kando ya mabehewa akichungulia dirisha moja baada ya jingine. Alikuwa akiinama kidogo kwenye kila dirisha, kwa adabu, kama anayeuliza iwapo kuna aliyemwona mwanamke mwenye shali ya manjano.

“Mzee Peasley!” nilimwita. “Chakula!”

Aliinua kidole kimoja bila kugeuka: ngoja. Akaenda mpaka dirisha la mwisho, akachungulia, akasimama. Kisha akauzunguka ukingo wa behewa, akapita upande ule usiopakwa rangi. Sikumfuata. Foleni ilikuwa imefika kwangu, na mtu wa maharage alikuwa ameinua upawa akisubiri, nami nikanyoosha sahani.